Msimu wa Mwisho wa Refa

Jumamosi, 7 Machi

Msimu wa mpira wa kikapu umeanza leo na tayari sauti imenikauka. Uwanja ni uleule nyuma ya tangi la maji, saruji imepasuka chini ya goli la pili, na sisi akina mama tumekaa juu ya mito tuliyotoka nayo nyumbani, maana zile ngazi za zege hazimhurumii mtu. Mume wangu alikuwa katikati na filimbi yake. Siku za kazi ni dereva wa basi la shule, Jumamosi ni mwamuzi, na mtaa mzima unamwita Refa. Hata mimi nikimwita jina lake haitiki.

Binti yetu mkubwa, Kiberenge, ndiye anayepandisha mpira kwenye timu ya wasichana ya mtaa. Watu walilalamika zamani kwamba baba hawezi kumchezesha bintiye. Waliacha walipoona anavyompigia filimbi yeye kuliko wengine wote. Mdogo wake, ambaye tunamwita Mdogo tu na jina limeganda, mpira haumhusu. Alikaa kando yangu akikariri maneno ya igizo la shule, na kila watu waliposhangilia alinung'unika kwamba wanamvurugia.

Kuna mpira ulitoka nje karibu kabisa na mguu wa Refa. Mimi niliuona nikiwa juu kule. Yeye aliuacha uendelee. Mtu akapiga kelele, "Refa, kanunue macho!" Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Jumanne, 10 Machi

Mvua imeanza. Wateja hawaji, hakuna anayetaka kusuka nywele zikanyeshewe akitoka mlangoni.

Ijumaa, 13 Machi

Leo shule iliwapeleka watoto wa maigizo kuona tamthilia kwenye ukumbi wa mjini, na wazazi tukaruhusiwa kwenda. Nilifunga saluni mapema. Refa aliendesha, mimi nikakaa nyuma yake, Mdogo na wenzake wakaimba njia nzima mpaka kichwa kikaniuma. Hata Kiberenge alikuja, akijifanya ameletwa kwa nguvu.

Tulichelewa kuingia, taa zilikuwa zimeshazimwa. Refa alinishika bega kutoka nyuma. Nikadhani ni mapenzi. Nikamwambia, "Mbona leo?" Tukapita katikati ya miguu ya watu, mimi nikakaa, na yeye akakaa juu ya mapaja ya Mwalimu wa Maigizo! Wanafunzi wanamwita Pazia kwa ajili ya magauni yake mapana yanayofagia sakafu. Ni mama mkali asiyecheka hovyo. Alisema kwa sauti ya darasani, "Mheshimiwa, kiti hiki kina mtu." Mistari mitatu ya viti ilipasuka kwa kicheko.

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamshika Refa mkono na nikakuta umelowa jasho, baridi kama samaki. Hakuuondoa mkono wake mkononi mwangu mpaka taa zilipowashwa. Igizo lenyewe sikumbuki lilihusu nini.

Jumanne, 17 Machi

Mama Pacha alikuja kufumua. Watoto wake wanapanda basi la Refa. Nikiwa nimeshika kichwa chake akaniambia, kwa upole, kwamba Refa aligonga nguzo ya geti la shule wiki iliyopita, na kwamba pacha wametunga wimbo juu ya jambo hilo. Akaniimbia. Ni wimbo mzuri kusema kweli.

Jioni nikaenda kuliangalia basi. Ubavu wa kushoto umechunika tangu mlangoni mpaka nyuma, na si mchubuko mmoja. Nikamuuliza. Akasema, "Geti lile ndilo limesogea." Akaingia kuoga.

Jumamosi, 21 Machi

Mchezo umeahirishwa, uwanja ni bwawa.

Jumapili, 22 Machi

Nimefanya jambo ambalo sikujua kama ninaweza. Refa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, nimnyoe nywele. Wasichana walikuwa wametoka. Alikuwa akiniambia habari za injini, akinitazama kwenye kioo. Nikachukua kitana, nikakisogeza polepole kutoka nyuma ya sikio lake mpaka karibu na shavu. Hakugeuka. Nikakichezesha. Aliendelea na injini yake. Nikafanya hivyo upande wa pili. Hakuna.

Nikasema, "Baba, nimeshika nini?"

Kwanza alidhani ni utani. Kisha akaniona usoni, kwenye kioo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka jana. Labda zaidi." Alizungumza akiitazama mikono yake. "Mbele naona vizuri. Naona mpaka kovu lako la kidevuni. Lakini ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba linazidi kuwa jembamba. Giza likiingia ndiyo kabisa."

"Na unabeba watoto wa watu!"

"Naenda polepole. Nageuza kichwa."

"Na Mdogo wetu humo ndani!"

Akaniambia nimpe muhula huu tu. Wasichana wetu wanasoma pale kwa sababu yeye ni mfanyakazi wa shule. Muhula ukiisha, atamwambia Mwalimu Mkuu mwenyewe, kwa heshima zake, kabla hajafukuzwa kama mwizi. Aliniomba nisiseme kwa mtu yeyote. Mume wangu hajawahi kuniomba kitu akiwa amekaa na mimi nimesimama. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa.

Nikakubali. Mungu anisamehe, nikakubali, nikamalizia nusu iliyobaki.

Jumanne, 24 Machi

Tangu jana napanda basi. Nimemwambia Mwalimu Mkuu kwamba saluni asubuhi haina watu na ningependa kusaidia kuwapandisha watoto wadogo. Amefurahi, amenipa fulana ya shule.

Nasimama karibu na dereva, nimeshika bomba la kiti. Kazi yangu ni kunong'ona. Kushoto baiskeli. Kulia mama na mtoto. Simama. Bado. Haya. Ninaposhuka naenda kufungua saluni, na jioni tunaanza tena.

Ijumaa, 27 Machi

Mama Pacha amewaambia wateja wote kwamba ndoa yetu ni ya mfano, hata kwenye basi hatuachani. "Na mambo ya kunong'onezana!" akasema. Wakanitaka niseme siri. Nikasema siri ni uvumilivu.

Jumamosi, 28 Machi

Uwanjani siwezi kusimama nyuma yake.

Timu ya leo ilikuwa na kocha mdomo mchafu ambaye tangu mwanzo alimwita Refa "mzee wa ukuta". Refa alipitwa na faulo mbili za wazi. Watu walianza kuzomea, si kwa utani sasa. Halafu Kiberenge alipanda kwa kasi pembeni, msichana wa kule akamvuta fulana waziwazi, akaanguka kwenye ule ufa wa saruji na kuchunika goti. Refa alikuwa palepale, kando yao, anatazama mbele. Filimbi haikulia.

Kiberenge aliinuka na damu inamtiririka. Akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Baba, huoni?"

Refa alimtazama bintiye, kisha akampigia filimbi kwa utovu wa nidhamu na kumtoa nje.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mto wangu. Sikufanya lolote. Ningefanya nini?

Nyumbani Kiberenge hakula. Nikataka kumsafisha goti akasema, "Niache tu, mama." Baba mtu alikaa varandani na mvua inampiga miguuni, wala hakuivuta ndani.

Jumatano, 1 Aprili

Kushoto gari. Kulia hakuna. Kushoto mbwa. Nimeota maneno haya.

Jumamosi, 4 Aprili

Wifi yangu amekuja kushinda. Ana duka la viatu, hana mume wala mtoto, na ana maoni juu ya kila kitu changu: mapazia, chumvi, jinsi ninavyowalea wasichana. Nimezoea kumvumilia kama mtu anavyovumilia kiatu kipya.

Mezani Refa alinyoosha mkono kuchukua kikombe akakipiga kikamwagika. Akacheka, akamsingizia Mdogo kwa kukiweka pabaya. Mdogo akatengeneza hotuba nzima ya utetezi, amekuwa hakimu kwenye igizo lao na sasa kila kitu ni kesi. Tulicheka. Wifi hakucheka.

Alinifuata jikoni akafunga mlango. "Kaka yangu ameanza," akasema.

"Ameanza nini?"

"Usinifanye mjinga, wifi. Baba yetu alianza hivihivi. Vikombe kwanza, kisha milango. Alipofariki hakuwa akijua kama ni mchana."

Mimi niliambiwa kwamba baba mkwe alipofushwa na uzee. Nimeishi na familia hii miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Mama alikataa. Alisema tukilitangaza, nani atamwoa nani?" Akachukua kitambaa akaanza kufuta sinia ambalo lilikuwa kavu. "Watoto je? Umewapeleka?"

Sikuelewa swali. Kisha nikalielewa. Nilikuwa na kisu mkononi, nilikuwa nakata kitunguu, na nikakiweka chini kwa sababu sikujua tena kinatumika vipi.

Kuanzia leo simpendi kabisa mwanamke huyu.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemwangalia Mdogo akivaa viatu. Nimemwangalia Kiberenge akitafuta daftari lililokuwa kando yake. Alilitafuta muda mrefu. Lakini yeye daima ni mzembe.

Jumamosi, 11 Aprili

Sikuweza kuandika jana.

Jana shule yetu ilialikwa kuonyesha igizo kwenye shule moja upande wa pili wa mji. Tulikwenda sote. Mdogo alikuwa na taji la karatasi ngumu na joho lililoshonwa kutokana na pazia la zamani. Kiberenge alisamehewa mazoezi aje kumwona mdogo wake, ingawa bado alikuwa hasemi na baba yake. Refa alipoingia ukumbini nilimshika mkono mapema, tukaenda kama maharusi.

Mdogo alihukumu vizuri sana. Watu walipiga makofi mpaka akasahau kutoka jukwaani na Pazia akamvuta kwa joho. Refa alisema, "Nimemwona. Alisimama katikati muda wote, nimemwona vizuri." Alikuwa na furaha kama mtoto.

Mvua ilikuwa imekaza tulipotoka, na jioni ilikuwa inafunga. Uwanja wa ile shule ulikuwa matope na magari yamebanana, ikabidi basi lirudi nyuma kwa kukunja. Nilisimama mahali pangu. Kisha Mdogo akaanza kulia kwamba taji linalowa, kuna tundu kwenye dirisha lake. Nikaenda nyuma, hatua chache tu, nikalifunga taji kwenye mfuko. Nilikuwa napiga fundo.

Nilisikia kishindo kidogo, kama mtu aliyegonga mlango kwa kiwiko. Halafu watoto wa mbele wakapiga kelele.

Pazia alikuwa ameshuka na mwavuli wake kumwelekeza dereva. Alikuwa amesimama kushoto, karibu na tairi la mbele, anapunga mkono. Gauni lile jekundu. Hata kipofu angeliona, watu walisema baadaye, bila kujua wanasema nini. Pua ya basi ilipokuwa ikizunguka ilimchukua na kumtupa kwenye matope.

Nilishuka mbio. Mkono wake ulikuwa umekunjwa chini yake vibaya. Uso umejaa matope. Aliniuliza, "Watoto wamo wote ndani?" Nikamwambia wamo. Akasema, "Wasishuke, watalowa." Kisha akazimia.

Refa alikuwa bado kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, injini inanguruma. "Alikuwa wapi?" aliniuliza. "Alikuwa wapi? Sikumwona. Mama, alikuwa wapi?"

Walimu wa kule walimchukua Pazia kwa gari lao. Dereva wa shule ile akaturudisha. Refa alikaa kiti cha abiria, kando ya watoto, amevaa lile joho la hakimu mabegani kwa sababu Mdogo alimfunika nalo. Kiberenge alikaa kiti cha nyuma yake. Niliona anatazama kisogo cha baba yake njia nzima.

Jumapili, 12 Aprili

Kila mtu analaumu mvua. Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe kutupa pole. Alisema uwanja ule ni mbovu, giza lilikuwa limeingia, na Mwalimu wa Maigizo mwenyewe amesema alisimama pabaya. Akamwambia Refa apumzike leo, kesho watoto wanamsubiri. Refa akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Ndiyo, Mwalimu.

Mchana nilikwenda hospitali. Mkono wa Pazia umevunjika mahali pawili, na wamemfunga mpaka begani. Bila gauni lile alionekana mdogo, kama mama wa mtu. Nilimsuka nywele, zilikuwa zimeshikana matope, nami sikujua nifanye nini kingine. Akaniacha nisuke. Kisha akasema bila kugeuka, "Alinitazama, Mama Kiberenge. Kabla hajakunja, aligeuza uso kwangu. Nikampungia. Nilijua ameniona."

Nikamtoa tope lililokauka nywelini.

"Anaona?"

Vidole vyangu viliendelea kusuka. Nilimwahidi mume wangu. Na huyu mama amelala pale kwa sababu ya ahadi hiyo.

Akasubiri. Kisha akasema, "Mimi sitamwambia mtu. Lakini kesho watoto watapanda."

Nimerudi na kumwambia Refa kila neno. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamwambia aseme, au niseme mimi. Akasema, "Kesho." Nikasema kesho lini, kabla ya kuendesha au baada? Akasema tena, "Kesho," akaingia chumbani. Mimi niko mezani, naandika badala ya kufanya la maana. Mvua haikatiki.

Jumatatu, 13 Aprili

Asubuhi nilivaa fulana ya shule. Hilo ndilo nililolifanya. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitavaa, kwamba nitalala mbele ya tairi ikibidi, na mwishowe nikavaa fulana na kwenda naye, tukiwa kimya, mpaka pale basi linapolala.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa basi. Kando yake alikuwa Kiberenge, na begi lake mgongoni. Alikuwa ameondoka nyumbani kabla hatujaamka, nikadhani mazoezi.

"Refa," Mwalimu Mkuu akasema, "binti yako ananiambia jambo. Nataka nisikie kwako."

Nilimtazama Kiberenge. Alikuwa analia bila kujifuta, anamtazama baba yake usoni, moja kwa moja, pale anapoona. Alisema, "Samahani, baba. Nilimwona Mwalimu wa Maigizo tangu mwanzo. Watu wote tulimwona."

Nilitegemea atamkemea. Nilitegemea atakana. Refa alitoa funguo mfukoni, akazishika kidogo, akampa Mwalimu Mkuu. Kisha akasema kwa sauti ya uwanjani, ile ya kutoa maamuzi, "Ni faulo. Amepiga filimbi sawasawa."

Akageuka aondoke, akajigonga kwenye kioo cha pembeni cha basi. Kiberenge akamkimbilia. Akamshika mkono, wakaenda nyumbani kwa miguu, na mimi nikafuata nyuma na fulana yangu.

Mtoto wa shule kafanya nililoshindwa mimi. Sijui nijivunie au nijifiche.

Alhamisi, 16 Aprili

Mwalimu Mkuu ameamua wasichana wamalize mwaka. Baada ya hapo hajui. Ametuambia kwa heshima. Mama Pacha hajaja kusuka.

Jumanne, 21 Aprili

Daktari wa macho ni kijana mpole, alizima taa na kuwasha taa. Anasema utando wa nyuma ya jicho unakufa polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Nikamuuliza dawa. Akasema hana. Nikamuuliza upasuaji. Akasema hapana, mama. Nikamuuliza miwani, kwa ujinga tu. Refa akanigusa goti ninyamaze.

Kisha daktari akauliza habari za babu, na za watoto. Akasema kila mtoto nafasi yake ya kuurithi ugonjwa huu ni nusu kwa nusu, na kwamba wengine dalili huanza katika umri wa wasichana wetu.

Jumamosi, 25 Aprili

Wifi alikuja tena. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote yaliyonikaa kooni, kwamba walinidanganya, kwamba nilistahili kujua mapema. Nilimwambia. Nilisema mengi. Mwishowe nikasema, "Wewe huna mtoto, huwezi kujua."

Alikuwa anakunja mwavuli. Akasema, "Unadhani kwa nini sikuzaa?"

Mwanamume mmoja alikuwa tayari kumwoa, fundi wa saa, mtu mzuri. Alimkataa bila kumwambia sababu. Yule akaoa mwingine. Mpaka leo anapita dukani kununua viatu vya watoto wake.

Nimeandika humu kwamba simpendi. Na miaka yote hii mimi na wateja wangu tumekuwa tukimcheka, eti mkavu, eti hana mtu. Nilimshika mkono, hakuuondoa. Baadaye alilalamika kwamba chai haina sukari.

Ijumaa, 1 Mei

Mdogo amepimwa. Macho yake ni mazima. Alimwuliza daktari kama anaweza kuitumia ile mashine kwenye igizo.

Kiberenge amekataa kwenda. Alijifungia mpaka tulipoondoka.

Jumapili, 3 Mei

Nilimsuka Kiberenge leo. Akiwa kwenye kile kiti hawezi kukimbia. Nikamwambia kwa upole kwamba ni dakika chache tu, haiumi, na kujua ni bora.

"Bora kwa nani?"

"Kwako, mwanangu."

"Kuna dawa?"

Nikachovya vidole kwenye mafuta.

"Basi," akasema. "Msimu ukiisha nitakwenda. Nikijua sasa, nitacheza nikiyawaza macho badala ya mpira. Niache nicheze tu, mama."

Kitana kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kukisogeza kando ya sikio lake kama nilivyomfanyia baba yake. Kioo kilikuwa mbele yetu na aliona ninachowaza. Alifumba macho, akayaacha yamefumbwa mpaka nilipomaliza kichwa chote.

Jumamosi, 9 Mei

Wamepata mwamuzi mwingine, kijana anayepiga filimbi kama anafukuza kuku. Refa alisema hataki kwenda. Wasichana wakamvisha viatu kwa nguvu. Tulikaa ngazini, yeye na mto wake. Watu walikuja kumsalimu, hata yule kocha mdomo mchafu. Alimshika mkono, akaondoka.

Walishinda. Refa aliniuliza nani alifunga.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua. Hakuna mchezo. Refa amejifunza kumenya viazi bila kutazama na anatutambia.

Jumatano, 20 Mei

Pazia amerudi shuleni, mkono bado umefungwa. Alikuja saluni akakaa kwenye kiti, akasema nimalize nilichoanza hospitali. Refa aliingia kumwomba radhi, alikuwa ameyapanga maneno siku nyingi, akayasahau yote. Pazia akamwambia, "Mheshimiwa, ukija kwenye igizo la kufunga muhula, kaa kiti cha mbele. Na uhakikishe hakina mtu." Refa akacheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Mama Pacha alipita, akaona, akaingia.

Jumamosi, 30 Mei

Mchezo wa mwisho. Jua limetoka, saruji ilikuwa inafuka mvuke. Familia nzima tulikwenda: Refa, mimi, Mdogo, na wifi aliyekuja na viatu vya duka lake vya visigino virefu na kulalamika ngazi moja baada ya nyingine.

Refa sasa mchezo unamkimbia. Mpira ukitoka kwenye lile bomba lake hajui umekwenda wapi, kwa hiyo ananiuliza na mimi namwambia. Mwanzoni sikujua maneno. Sasa nasema kama mtangazaji: Kiberenge anao, anashuka kulia, ametoa, wamemrudishia, amepiga, nje. Ananishika kifundo cha mkono na anafuata kwa kidole, kana kwamba uwanja umechorwa pale.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Kila mtu amesimama. Kiberenge alikuwa amepata nafasi nzuri, peke yake, mita chache kutoka goli, anatazama mbele. Mwenzake akamtupia mpira kutoka upande wa kushoto. Ilikuwa pasi ya haraka. Labda ilikuwa ya chini. Kiberenge hakuinua mkono. Mpira ulimpita karibu na bega ukatoka nje ya uwanja, na yeye akageuka kuchelewa, akauangalia unavyobingirika kuelekea kwenye tangi.

Watu waliguna, uwanja mzima. Wifi alinishika paja kwa nguvu na hakunitazama.

Mchezaji yeyote hukosa mpira. Wote walikuwa wamechoka. Nimewaona wakikosa mipira rahisi kuliko ule msimu mzima. Nilisema hayo moyoni, haraka haraka, na Kiberenge alikuwa bado amesimama palepale, mkono mmoja juu ya paji la uso kukinga jua, anatafuta mahali tulipokaa.

"Nini?" Refa aliniuliza. Alikuwa amegeuza uso wote kwangu, anaona kidevu changu vizuri. "Mbona wameguna? Kumetokea nini?"

"Pasi ilikuwa mbaya," nikamwambia.

"Ya nani?"

Nikampungia mwanangu mkono, mkono wote, juu kabisa, huku na huku, mpaka aone.